Nyumba Juu ya Fungu la Bulo

Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Nahodha Lolo akaipiga teke, akaibembeleza, akaitukania ukoo wake wote, nayo haikujibu. Upepo wa magharibi ukakishika chombo ubavuni na kuanza kukisukuma kuelekea miamba ya Bulo. Chombo kilikuwa kizito, maana kilikuwa kimebeba nyumba.

Ilikuwa nyumba ya Rawe, na ilikuwemo yote: nguzo, boriti, mbao za sakafu, mabati, mpaka ngazi. Watu wa visiwa vile wakihama hawaachi nyumba nyuma. Huifungua kipande kwa kipande, wakaipakia, wakaenda nayo. Rawe alikuwa ameishi ndani yake tangu alipoolewa na Saleng, akafiwa na mume humo na kumlilia humo. Lakini ilisimama kwenye kiwanja cha ukoo wa Saleng kule Pasilolo, na ukoo ulitaka kiwanja chake. Basi akaamua kuipeleka Malimbong, kwenye kipande cha ardhi alichoachiwa na mama yake.

Hapo ndipo shemeji yake, Mattiro, aliposimama mbele ya mkuu wa kijiji na kutoa hoja yake. Nyumba ikishafunguliwa, alisema, si nyumba tena, ni mbao, na mbao za marehemu ni za kugawana ndugu. Wazee wakajikuna vichwa, kisha wakakata shauri: ikisimama tena kabla ya Maulidi na Rawe akalala ndani yake, ni nyumba yake. Isiposimama, ni mbao, na kila ndugu achukue fungu lake. Maulidi ilikuwa wiki hiyohiyo. Mattiro akapanda chomboni bila kualikwa na mtu.

"Nasindikiza mbao zangu," alisema.

Sasa mawimbi yalikuwa yanaruka ukingo na Mattiro amelowa mpaka kope. "Tupeni nguzo baharini," akasema. "Chombo kinazama. Anzeni na ile nene."

Ile nene ndiyo iliyokuwa kitovu cha nyumba. Kila nyumba ya kwao ina nguzo ya kitovu, na ndiyo inayosimama kabla ya nyingine zote. Mwenye nyumba huifungia nazi, kichane cha ndizi na bonge la sukari ya mnazi, ili maisha ya humo yawe matamu. Rawe alikuwa ameifungia vyote hivyo tangu Pasilolo, asije akasahau, na Mattiro alikuwa amemcheka kwamba analisha mti.

Rawe akaiendea ile nguzo, akaikalia.

"Ukiitupa, nitupe na mimi."

"Shemeji, hizo ni mbao tu."

"Na wewe ni nyama tu, lakini sijasema utupwe."

"Mkimaliza kesi yenu," Lolo akapaza sauti kutoka tezi, nyuma ya chombo, "fueni maji yatoke chomboni."

Wakafua maji mpaka mikono ikafa ganzi. Haikusaidia. Jua lilikuwa linatua wimbi kubwa lilipokiinua chombo na kukibwaga juu ya mwamba. Mkuku ukapasuka kwa mlio ambao Rawe aliusikia kwenye meno. Lolo alitupwa nje, na alipovutwa ndani wayo wake ulikuwa umechanwa na matumbawe, nyama imefunguka. Wakashikilia mabaki usiku kucha, maji kiunoni, kila mtu akimwomba Mungu wake kimyakimya ingawa Mungu wao alikuwa mmoja.

Asubuhi maji yakapwa, na fungu la Bulo likajitokeza. Lilikuwa ulimi wa mchanga mweupe usio na hata jani, mbao za Rawe zimetapakaa juu yake. Nguzo ya kitovu ilikuwa imekwama kwenye mataruma, mbavu za chombo, na nazi zake bado zimening'inia, sukari nayo imebaki nusu ndani ya majani yake. Ndizi zilikuwa zimepondeka. Walikuwa na maji ya kunywa nusu jerikeni.

Rawe aliuosha wayo wa Lolo, akachana saruni yake na kuufunga.

"Malimbong ni wapi?" akauliza.

"Mashariki. Kuona hatuoni, kuogelea hatufiki."

"Wavuvi?"

"Upepo ukitulia, watapita. Leo hautulii, wala kesho." Lolo akanyoosha kidole kwenye ubavu wa chombo, palipokuwa na mstari wa maji ya usiku. "Na bamvua, maji makuu ya mwezi, ndiyo kwanza linaanza. Leo jioni maji yatafika kifuani. Kesho yatatuvuka vichwa. Haya mabaki hayamalizi leo."

"Tufunge chelezo," Mattiro akasema.

"Mkondo wa hapa unatoka kwenda bahari kuu. Ukifunga chelezo, umejishonea sanda."

Rawe akazitazama mbao zake. Alikuwa na hofu. Lakini ndani ya hofu hiyo mlikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyosema.

"Tusimamishe nyumba."

Mattiro akacheka kicheko kikavu. "Nyumba husimamishwa na kijiji kizima, wanawake wanapika, wanaume wanavuta. Hapa kuna mjane, kilema na mimi."

"Tena wewe ndiye unayenitia wasiwasi."

"Kiunzi cha nguzo tatu hatukiinui, Rawe."

"Hatukiinui kwenye mchanga mkavu," alisema Rawe. "Tuchimbe sasa, maji yakiwa yamepwa. Tuviunge viunzi vikiwa vimelala, miguu yake kwenye mashimo. Tungoje. Maji yakipanda, mti unakuwa mwepesi. Haya haya yanayotaka kutuua ndiyo yatakayotubebea."

Lolo akajiburuta kwenda kutafuta mtaimbo.

Walichimba kwa mtaimbo, kwa sufuria na kwa kucha. Mchanga ulikuwa ukirudi shimoni kila walipoutoa, mpaka wakafikia mwamba. Hawakuwa na haja ya msumari. Boriti za nyumba ile hupita ndani ya matundu ya nguzo na kukazwa kwa kabari. Mattiro, haki lazima isemwe, alifanya kazi kama punda. Lakini hakuacha kusema.

"Tunajenga jukwaa. Jukwaa la mbao."

"Chimba," Rawe alijibu.

Adhuhuri maji yakaanza kurudi, yakagusa vifundo, kisha magoti. Lolo alikuwa ameketi kwenye mabaki, kapi limefungwa kwenye taruma nene, kamba ya kuinulia viunzi imepita humo. Mattiro alijifunga ncha ya kamba kiunoni ili avute kwa mwili mzima. Alitaka kuanza na kiunzi kilichokuwa karibu.

"Kitovu kwanza," Rawe akasema.

"Maji yanakuja, wewe unaleta mila?"

"Kitovu kwanza, shemeji."

Maji yakafika mapajani. Rawe akaweka bega chini ya nguzo ya kitovu, akaisikia ikitikisika na kuwa nyepesi kama mtoto anayekubali kubebwa. "Vuta," akasema. Mattiro akavuta, Lolo akakaza kapi. Kiunzi kikanyanyuka, kikayumba, kikarudi, kikamkwaruza Rawe shingo mpaka damu ikatoka. Akakisukuma tena. Safari hii miguu ya nguzo ikazama mashimoni na kiunzi kikasimama kikidondosha maji. Wakakitegemeza, wakatupia mawe ya matumbawe shimoni haraka haraka, kisha wakageukia cha pili.

Maji yalikuwa kiunoni walipopitisha boriti za mwisho. Rawe alipanda juu kama kijana, akatandika mbao za sakafu huku Mattiro akimrushia. Nguzo sita tu, chumba kimoja na mabati matatu. Hiyo ndiyo nyumba yote iliyokuwa imebaki. Kisha akaitundika ngazi mahali pake.

"Jukwaa halina ngazi," alisema kutoka juu. "Hii ni nyumba. Anayepanda, apige hodi."

Lolo hakungoja kuambiwa mara mbili. "Hodi, hodi, hodi, mama mwenye nyumba. Nipokelee na mguu wangu."

"Karibu, mwanangu."

Mattiro akabaki chini. Kupiga hodi kulikuwa kukubali kwamba hiyo ni nyumba, na alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hoja ilikuwa yake mwenyewe. Akageuka, akarudi kwenye mabaki ya chombo. "Nitakaa huku na mbao zangu," alisema.

Rawe alimwangalia akienda. Aliogopa kwa ajili yake, ndiyo ukweli, maana alikuwa na macho ya Saleng yaleyale.

Jua lilikuwa limeinama mabaki yalipoanza kulia. Wimbi likayainua, la pili likayageuza, na mataruma yakavunjika moja baada ya jingine. Mattiro akaonekana, akapotea, akaonekana tena akipiga maji. Akaja akitapatapa mpaka akaishika ngazi. Maji yalikuwa kifuani na kila wimbi lilimfunika uso. Lolo akanyoosha mkono.

"Mwache kidogo," Rawe akasema. Akaketi kwenye kizingiti kama anavyoketi mwenye nyumba. "Nani huko chini?"

Mattiro alitema maji. Wimbi likampita kichwani. Akaibuka.

"Hodi," akasema.

"Hodi nyumbani kwa nani?"

"Hodi nyumbani kwa Rawe."

"Karibu, shemeji. Nawa miguu, kisha panda."

Lolo akaangua kicheko mpaka akashika wayo wake kwa maumivu. Mattiro akajitazama, maji yamemfika kidevuni, na hapo akaiona kamba. Ilikuwa bado kiunoni mwake. Kwa hasira alisahau kuifungua. Akaifuata kwa macho mpaka juu. Ncha ya pili ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya kitovu, kwa fundo zito la Rawe, na mikono ya Rawe ilikuwa tayari inavuta.

Maji yalipanda usiku ule, na usiku uliofuata yakapanda zaidi, yakilamba mbao za sakafu kwa chini. Nyumba ilitetemeka, lakini haikuondoka. Walikunywa maji ya nazi kwa zamu, wakalamba sukari ya mnazi, na mvua iliponyesha wakaikinga kwa mabati na sufuria. Mattiro ndiye aliyekuwa akimnywesha Lolo alipopatwa na homa. Ikafika Maulidi, wakaisoma watatu hivyohivyo, kwa sauti zilizokauka, bahari ikiitikia.

Upepo ulipotulia, kikaja chombo cha wavuvi wa Malimbong. Kilikuja polepole mno. Mzee aliyekuwa omo, mbele ya chombo, alikuwa anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, kwani alikuwa amevua pale maisha yake yote na hakuwa amepata kuona nyumba hapo.

"Nyie ni watu au majini?" akaita.

"Jini gani ana mguu unaonuka hivi?" Lolo akajibu.

Wavuvi wakapumua, wakasogea. "Nyumba ya nani hiyo?"

Rawe akafungua kinywa, lakini Mattiro alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Ya shemeji yangu, Rawe," akasema. "Ilisimama kabla ya Maulidi na amelala ndani yake. Mimi shahidi. Pigeni hodi."

Kijiji kizima cha Malimbong kilikuja na vyombo kuifungua na kuichukua, na ilisimama tena kwenye ardhi ya mama yake, wanawake wakipika, wanaume wakivuta. Mstari mweupe wa chumvi ulibaki kwenye nguzo, juu kuliko kichwa cha mtu, na Rawe alikataza usipakwe rangi. Mattiro ndiye aliyeibeba ncha nzito ya kitovu tangu ufukweni. Kazi ilipokwisha na watu wakaitwa kula, alibaki chini ya ngazi, akachota maji mtungini na kunawa miguu bila kuambiwa, akainua uso, akangoja akaribishwe.