Ada Iliyokaa Kwenye Majora

Ndugu zangu wazazi, na ninyi vijana mnaosubiri matokeo, nipeni masikio. Nawasimulia ya nyumbani kwetu. Baba ameniruhusu, ila kasema nisimfanye mjinga kuliko alivyokuwa.

Baba ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mkasi, kwa sababu ya mdomo wake zaidi kuliko kazi yake. Asubuhi matokeo yalipotoka nyumba ilikuwa imetulia: mama anapiga pasi, baba anashona vifungo, redio inaongea peke yake. Nilipowaambia kwamba nimefaulu, na kwamba chuo cha upimaji ardhi kimenipa nafasi, baba alivua miwani akalia bila kujificha. Mama akauliza kuhusu ada. Baba akamjibu asiwe na wasiwasi, ada ipo tangu nilipoanza sekondari.

Ilikuwepo kweli, ila si kwa namna mnayodhani. Baba haamini fedha taslimu. Kila alipopata faida alinunua jora la kitambaa cha kahawia, sare ya shule kubwa ya jirani, akalipanga kwenye rafu nyuma ya duka. Alijiambia kwamba kitambaa hakiliki wala ndugu hawaji kukikopa. Hakumwambia mtu, hata mama. Walimu walipotuhimiza kuomba mkopo wa wanafunzi, alinikataza, eti mikopo ni ya watu wasiojipanga. Muda wa maombi ukapita.

Haukupita muda baada ya matokeo, shule ile ikatangaza sare mpya, ya bluu. Baba akabadilika ghafla. Akawa mkali kwa vitu vya kipuuzi, na kila nilipomuuliza tutalipa lini, alisema nimwachie yeye. Chuo nacho kilishasema kwamba asiyelipa kufikia Ijumaa, nafasi yake atapewa mwingine. Niliogopa, jamani, nisiwafiche.

Aliyetuokoa ni mama mdogo, mpishi wa hospitali, mtu asiyejua kupindisha maneno. Alikuja Jumatano akanikuta macho yamevimba. Hakukaa hata kitini. Alikwenda moja kwa moja dukani, mimi na mama tukimfuata.

"Shemeji, ada ya mtoto ipo au haipo?"

Baba alitazama rafu. "Ipo pale. Ila hakuna anayeitaka tena."

Mama akaketi kwenye benchi la wateja. "Miaka yote hiyo, mume wangu, hukuniambia?"

"Nilijisifu mno," baba akasema. "Nikaona aibu."

"Hiyo aibu tutaishughulikia baadaye," mama mdogo akasema. "Kesho vaa shati la maana, twende chuoni ukawaeleze ukweli."

Baba, ambaye hakuwa amewahi kumwomba mtu kitu, alimweleza mhasibu wa chuo kila jambo. Mhasibu akashangaa kwamba hatukujua: chuo hupokea ada kwa awamu, ilimradi mzazi aombe kabla ya siku ya mwisho. Awamu ya kwanza walichanga mama, mama mdogo na wajomba zangu. Majora yale baba aliyakata akashona aproni na mifuko ya sokoni, akauza kwa bei ya kutupa, fedha ikaingia kwenye awamu zilizobaki. Mwaka uliofuata niliomba mkopo, na aliyenihimiza ni baba mwenyewe.

Leo napima viwanja na kulipa mkopo wangu kidogo kidogo. Namshukuru mama mdogo kwa swali lake, na namshukuru baba zaidi, maana yeye ndiye aliyelijibu. Nikitembea naye mtaani ananitambulisha kwa watu, kisha anawaambia, hata kama hawajauliza, kwamba ada yangu ililipwa na watu wengi.

FUNZO

Mzazi, kumpenda mwanao na kumwekea akiba hakutoshi kama mipango yote umeifungia moyoni. Keti na mwenzako na mtoto wako mapema, mjue kozi anayoitaka inagharimu nini. Usiweke akiba yote mahali pamoja. Ulizeni chuoni, ombeni mkopo au ufadhili kabla muda haujapita. Na siku mambo yakikuharibikia, sema. Watu wanaokupenda hawawezi kukusaidia kubeba mzigo ambao hujawaonyesha.