Sauti Iliyohesabu Pumzi

Haya ni kweli tupu. Anayebisha alete msahafu na Biblia, nitavishika vyote kwa mkupuo.

Saa sita mchana simu ililia.

"Mkasi?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Majasusi wa kigeni wameingia kwenye seva ya hospitali. Wagonjwa sita wako kwenye mashine za kupumulia. Una dakika nne."

Mkasi alishuka ngazi tatu tatu, bastola ya Glock kiunoni, kompyuta ya ThinkPad kwapani.

Chumba cha seva kilikuwa baridi kama mochwari. Spika ikasema:

"Kitanda cha kwanza, anapumua. Kitanda cha pili, anapumua."

Nywele zikamsimama.

Ilikuwa sauti ya dada yake. Ndiye aliyeandika programu ya kulinda pumzi, akairekodia sauti yake mwenyewe.

Walimzika mwaka jana.

Mkasi akachomeka waya. Majasusi hawakuigusa programu ya dada. Walipandikiza vijiprogramu elfu, kila kimoja kikimeza kumbukumbu ya seva kidogo tu. Kumbukumbu ikiisha, mfumo endeshi hujiokoa kwa kuua programu moja: ile inayokula kuliko zote.

Humo ndani, mlaji mkubwa alikuwa dada.

"Mkuu, wanataka mfumo wenyewe ndio umuue."

"Si uvifute hivyo vidudu!"

"Nikifuta kimoja vinazaliwa viwili."

"Sasa unangoja nini, bwana?"

Kumbukumbu ikajaa asilimia tisini na nane.

"Kitanda cha tatu, ana..."

Sauti ikakwama.

Mkasi aliandika amri mbili. Programu ya dada: isiguswe kamwe. Programu mama iliyozaa vile vidudu: ife kwanza, na wanawe wote.

Asilimia mia.

Kimya.

Mstari mwekundu ukatokea: *Imeuawa. Kundi zima.*

"...pumua," spika ikamalizia.

Mkasi akafunga kompyuta. Alipogusa kitasa, sauti ikaja tena, taratibu:

"Pole na kazi, mdogo wangu."

Maneno hayo hakuna aliyewahi kuyarekodi.

Hakugeuka. Akavaa miwani ya jua, akatoka.

Mke wangu, nesi mwenye miaka thelathini kazini, amekuwa akisoma ninayoandika juu ya bega langu mpaka hapa.

"Mzee, mashine ya kupumulia inajiendesha yenyewe. Seva ikizima, inaendelea kupuliza, na nesi anakwenda kutazama kwa macho yake. Hapo angekufa nani?"

"Labda mashine za zamani..."

"Za zamani nilizishika mimi."

Basi. Nimeshindwa: sufuria zote za leo ni zangu kuosha, na moja imeungua mpaka chini.