Kitoweo Kutoka Angani

Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Ndipo eropleni ya shamba kubwa ilipopita juu ya mpunga wetu, na nyumba yangu haikuwa nyumba tena.

Naitwa Sadallah, mkulima wa kijiji cha Mahege. Zamani tulilima bonde lote, mpaka kule mto unakojikunja. Akaja mwekezaji, akapewa bonde, akajenga tuta la kuzuia mafuriko. Sisi tukabaki na ukanda mwembamba kando ya uzio wake. Maji ya mto hayatufikii tena. Yanayotufikia ni ya mifereji yake, nayo yana povu.

Kwelea kwelea hawajui uzio. Walikula kwake, wakala na kwetu. Mke wangu Habiba aliwaamia kwa desturi yetu. Alikaa juu ya dungu, kile kibanda chetu cha miguu mirefu, akavuta kamba iliyofungwa makopo shamba zima, huku akiita, "Hooo... swaa. Hooo... swaa." Na kila mavuno tuliacha kipande cha pembeni bila kukatwa. Wazee walisema ni fungu la mwenyewe. Mwenyewe nani, hawakusema. Mashine za mwekezaji huvuna mpaka kwenye waya.

Jioni ile eropleni ilimwaga dawa kwenye matete, ndege walikokuwa wanalala. Wenye eropleni walisema baadaye kwamba tangazo lilipigwa kijijini. Sisi wa madunguni hatukulisikia. Tulisikia vitu vikidondoka.

Puu. Puu... puu.

Ndege walikuwa wanaanguka.

Watu wa bonde hula kwelea, ni kitoweo chetu tangu enzi za mababu. Shemeji yangu Ismaily, kaka yake Habiba, alivua kofia ili aijaze, akacheka. "Shemeji, mwekezaji katulipa fidia leo. Katuletea kuku, ila kasahau kuwanenepesha."

"Usiokote waliokufa," Habiba akamwambia. "Hao nyamafu. Wenye pumzi tu."

"Basi lete kisu, dada, kabla hawajanifia mkononi."

Wakawawahi wale waliokuwa bado wanapumua. Wakawachinja mmoja mmoja, kila shingo na Bismillahi yake. Hukumu ya kisu tuliijua tangu chuo cha Kurani. Ya dawa hatukufundishwa na mtu.

Mimi nilikwenda msikitini, nikakaa mpaka Isha. Niliporudi, fungu langu lilikuwa limefunikwa bakuli. Sikulifunua. Habiba alikuwa anatokwa na povu mdomoni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Ismaily alitangulia. Habiba akafuata. Binti yetu Mwanahalima, wa miaka saba, alikuwa amekula paja moja tu. Alitetemeka sana, lakini alibaki.

Nesi Eufrasia, wa zahanati, alinipa pole, kisha akanivuta kando. "Baba Mwanahalima, ile ni sumu. Haitoki mwilini upesi. Huyu mtoto mwangalie sana."

Nikamwangalia. Sikuwa na mwingine wa kumwangalia.

Baada ya arobaini nilikwenda dunguni jioni kuchukua mkeka na sufuria. Mwanahalima nilimwacha kwa dada yangu Hadija. Mpunga ulikuwa umekaukia shambani, maana hatukuwa na moyo wa kuuvuna. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Panzi hawakulia. Nilisikia nyayo zangu mwenyewe tu.

Kisha kopo likalia.

Moja, mbali. Halafu jingine. Halafu yote, shamba zima.

"Hooo... swaa."

Ilikuwa sauti ya Habiba.

Nikasimama. Harufu ikanijia, kama kitunguu saumu kilichooza. Ile ile ya dawa ya jioni ile.

Chini ya dungu alikaa bibi mmoja, amejifunga kaniki, ungo mapajani. Alikuwa ananyonyoa ndege.

"Asalamu alaykum," nikasema.

Hakuitikia salamu.

"Karibu kitoweo," akanong'ona. "Bado wana pumzi."

Nikatazama ndani ya ungo. Shingo zote zilikuwa zimekatwa. Vifua vilikuwa vinapanda... vinashuka.

"Bibi, wewe wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Mlikuwa mnaniachia fungu langu pembeni."

"Sisi hatukuwaua. Waulize wa ng'ambo ya uzio."

"Nimekwenda. Kule sikukuta mtu, nimekuta mashine." Akanyonyoa unyoya mwingine, taratibu. "Wanangu hawamo kwenye mashine. Wamo matumboni mwenu. Kwa wawili nimeshawachukua."

Akanyanyua uso. Macho yake yalikuwa meusi, ya duara, hayakupepesa.

"Limebaki paja moja."

Kule juu kamba ikavutwa tena. Nilipanda ngazi huku nasoma Ayatul Kursiyyu, ulimi mzito kama wa mtu aliyelala. Nilikuwa namwogopa mke wangu, Mola anisamehe. Nilidhani ndiye nitakayemkuta.

Nilimkuta Mwanahalima.

Alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa dungu, kamba mkononi. Akafungua kinywa, na sauti ya mama yake ikatoka humo. "Hooo... swaa."

"Umekujaje huku, mwanangu?"

"Mama kanibeba," akasema kwa sauti yake mwenyewe.

Nikashika miguu yake. Njia nzima ilikuwa tope mpaka kwenye vifundo. Nyayo zake zilikuwa kavu.

Nilishuka naye mgongoni. Chini hapakuwa na bibi wala ungo. Manyoya tu, na nilipoyakanyaga yalikuwa ya moto.

Hadija anaapa mpaka leo kwamba mtoto hakutoka. Alikuwa amelala mkekani, na yeye amekaa mlangoni anachambua mboga, mpaka nilipofika naye mgongoni. Tulipoingia ndani, mkekani palikuwa patupu, shuka limekaa kama limefunika mtu.

Nesi Eufrasia anasema sumu imegusa mishipa ya fahamu. Ustadhi Abdalah anasema ni jini wa bonde aliyenyang'anywa makao, naye amemsomea mtoto mara nyingi. Wote wawili nawasikiliza. Kila mmoja akimaliza, huwa hanitazami usoni.

Mwanahalima hasemi tena. Ugali hali, wali hali. Nikianika mpunga uani huja pole pole, mikono ameirudisha nyuma, akainama mkekani na kudonoa punje mbichi kwa mdomo. Nikimwita, hugeuza kichwa upande, akanitazama kwa jicho moja.

Msimu huu eropleni imerudi. Ikipita, Mwanahalima hukimbilia uvunguni na kulia kilio chembamba ambacho si cha mtoto.

Kila Alfajiri nawaombea wangu. Nikifika kwenye jina lake ulimi unasimama, kwa kuwa sijui kama nimwombee dua ya mgonjwa au ya waliotangulia. Basi nasema zote mbili.

Ee Mola, mrehemu Habiba, mrehemu Ismaily. Wapanulie makaburi yao, uyatie nuru, na walichokila bila kujua usiwahesabie. Na Mwanahalima, kama bado yuko kwetu, mponye. Kama ulikwisha kumchukua siku ile pamoja na mama yake, mlaze pema, na huyu aliyeko nyumbani kwangu umrudishe kwa mwenyewe kwa amani. Amin.