Tundu la Kidole

Kushona alijua, hilo hata mahasimu wake walikubali. Fundi Cherehani akikushonea gauni, mshono huuoni hata ukiutafuta kwa tochi. Ila alikuwa na kiburi cha sindano, na sindano haina rafiki.

Jioni moja, jua likizama, alimpelekea chakula shemeji yake, mdogo wa mumewe. Huyo kazi yake ilikuwa kukausha ngozi za wanyama wa mawindo na kuwajaza maranda ya mbao, wasimame kama wazima. Akamkuta mkono umevimba, kachomwa na mfupa. Juu ya meza kalala kongoni dume, kiunzi na maranda ndani, tumbo halijafungwa.

"Shemeji, niokoe. Nishonee huyu. Ngozi ikikakamaa, nimeharibikiwa."

"Mimi nawashonea watu, sishoni nyama."

"Watu gani? Wengine wana nyuso ndefu kumshinda huyu!"

Wakacheka. Akampa sindano nene na uzi wa nta. Kisha akashusha sauti.

"Ukifika chini ya kifua, acha tundu. La kidole tu. Nitaliziba mwenyewe asubuhi."

"La nini?"

"Liache tu, shemeji."

Akatoka kutafuta chumvi ya ngozi nyingine, akafunga kufuli kwa nje, maana mlango ule bila kufuli hujifungua, na paka wa mtaa ule wakinusa ngozi hawana adabu. Dirisha lilikuwa na nondo.

Fundi akashona. Harufu ya gundi na damu ya zamani ikamkaa kooni. Akafika kifuani. Tundu likamkodolea macho.

"Kazi ina tundu, halafu waseme nimeshona mimi?"

Akaziba. Fundo mara tatu. Uzi akaukata kwa meno, kama ilivyo desturi yake.

Hapo pumzi ikambana.

Akakimbilia mlangoni. "Shemeji!" Sauti ikatoka nyembamba kama uzi. Nyuma yake, maranda yakasagika...

Khhh... khhh...

Akageuka. Kongoni hakuwa na macho bado, matundu yamejaa pamba. Lakini kifua kilikuwa kinapanda. Kinapanda, kinataka kushuka, kinashindwa. Na kila kikipanda, chake yeye kinabana.

Wote wawili walikuwa wamefungiwa.

Mkasi hakuuona. Visu vya shemeji viko kabatini, na kabati lina kufuli. Akajikokota hadi mezani, akazamisha uso kwenye manyoya, akalitafuta fundo kwa meno. La kwanza likakatika. La pili. Taa ikaanza kuzunguka... La tatu.

Hewa ikatoka. Ya moto, inanuka majani mabichi.

Ikamwingia mdomoni.

Shemeji aliporudi alimkuta kakaa sakafuni, anahema.

"Uliziba," akanong'ona.

"Nimefumua."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa meno."

Shemeji akaiweka chumvi chini polepole. "Mimi niliwahi kuziba, siku zangu za mwanzo. Nikafumua kwa kisu, uso nimeugeuzia ukutani."

"Kwani usingegeuza ingekuwaje?"

Shemeji akarudi nyuma hatua moja. Akamsindikiza hadi nyumbani, hatua kumi nyuma yake.

Siku hizi wateja wanagombana naye. Kila gauni lake lina tundu chini ya kifua, la kidole, limezungushiwa uzi vizuri kabisa. Ukimuuliza anasema ni la kupitisha hewa. Na mbwa akibweka hata mtaa wa pili, anaacha cherehani na kusimama, shingo juu.

Mumewe amehamia kulala sebuleni. Mdomo wake hauna mlango, amewaambia majirani sababu. Anasema chumbani mle anasikia pumzi mbili. Moja ni ya mkewe, anaijua miaka yote. Ya pili ni fupi, ya haraka haraka, ya kitu kinachofukuzwa.

Na miguu ya mkewe, chini ya shuka, inakimbia.