Gari Iko Fre

Katika wanawake wote wa Uvira, hakuna aliyejua magari kama mimi, Georgette. Nililijua la daktari, la mapadri, hata la muuza mikate. Niliyajua yote kwa nyuma, maana niliyasukuma yalipokwama kwenye matope. Mbele yake sikupajua. Usukani nilidhani ni mahali pa kutundikia kofia.

Uhuru wa Kongo ulikuwa bado mchanga, na waasi walikuwa milimani juu yetu. Mume wangu Gratien alikuwa mvuvi, ingawa ujanani aliwahi kuendesha lori. Asubuhi alirudi na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mimi nikazianika mchangani na kufukuza kuku. Zamani malori yalizipeleka Kamanyola. Sasa wenye malori waliogopa njia. Magunia ya ndagala kavu yakajaa nyumbani mpaka tukayakumbatia usingizini. Binti yetu Félicité alinuka ndagala hata kanisani.

"Mama Félicité," Gratien akaniambia, "wavuvi ni wengi. Gari hakuna. Minye nitauza mutumbwi, tununue kamyoneti."

Kwetu minye ni mimi, na kamyoneti ni gari dogo lenye sanduku wazi nyuma.

"Na tukikosa gari?"

"Tutakosaje? Franka zitakuwa mkononi."

Akauza mtumbwi pamoja na nyavu. Siku hiyo sikuweza kula.

Karibu na soko kulikuwa na Bonaventure, muuzaji wa magari yaliyokwisha kutumika. Alivaa viatu vyeupe. Kila baada ya hatua chache aliinama na kuvipangusa kwa leso. Kamyoneti yake ilisimama bandani, pua nje, mgongo ndani gizani. Rangi ya buluu iling'aa mpaka nikajiona uso.

Bonaventure akataja bei. Kisha akasema haraka, "Na fre."

Gratien akanikonyeza. "Umesikia? Na fre!"

Nilisikia vizuri. Sisi watu wa samaki tunalijua neno hilo. Wazungu waliponunua samaki wetu, walikuwa wanauliza hilo tu: fre? Maana yake samaki wa leo, jicho linang'aa, hajaanza kunuka. Basi gari kuukuu likiwa fre, si bahati hiyo?

"Kweli iko fre?" nikauliza.

"Iko na fre, mama. Mumekubali?"

"Tumekubali!" tukajibu pamoja, kama watoto wa katekisimu.

Gratien akatoa avansi, yaani sehemu ya bei ya kuzuia gari lisiuzwe kwa mwingine. Hatukuomba kitansi cha kuonyesha kwamba tumelipa. Tuliona haya. Mtu amekuuzia gari fre, utamdai karatasi?

Siku ya kuchukua gari tuliamka kwa milio ya bunduki upande wa milimani. Majirani walifunga mizigo. Askari walikuwa wameweka kizuizi kwenye barabara ya Kamanyola. Ilisemekana gari lisilo na karatasi linachukuliwa palepale. Tulikimbia kwa Bonaventure na pesa zote zilizobaki.

"Bei ni ileile," akasema. Alizungusha funguo kidoleni. "Sasa tuongee juu ya fre."

"Tuongee nini tena?" Gratien akacheka. "Tunaiona. Inang'aa."

"Mukubwa, unafanya mchezo? Kuna fre ya karatasi. Kuna fre ya kuosha. Kuna fre ya kulala."

"Nani amelala?"

"Gari. Imelala hapa kwangu ikiwangoja."

"Imelalia mto?" nikauliza.

Hakucheka. "Na fre ya duane, ndiyo kubwa. Gari imevuka mpaka juma lililopita kutoka Usumbura. Ushuru wake nimelipa minye."

Akataja jumla. Ilikuwa karibu nusu ya bei, juu ya bei yenyewe. Kicheko cha Gratien kikakauka mdomoni.

"Hatuna hizo."

"Basi saa sita mtu wa Lubarika anakuja kuichukua. Na avansi yenu hairudi. Fre mulikubali na vinywa vyenu."

Gratien akakaa juu ya jiwe. Mtumbwi umekwenda. Gari linakwenda. Nilimwona akihesabu vidole vyake, kama mtu anayetafuta kitu kingine cha kuuza.

"Tuuze ndagala zote kwa bei ya kutupa," akasema polepole. "Tumulipe."

"Kaa hapohapo," nikamwambia. "Usimpe hata franka moja. Ukimpa, leo utakula hizo fre badala ya ugali."

Nikakimbia kwa jirani yetu Sabine. Yeye alifanya kazi katika ofisi ya serikali, pale panapoandikwa karatasi za magari. Nilimkuta anafunga godoro kwa kamba.

"Dada Sabine, gari inaweza kuwa fre?"

"Fre namna gani?"

"Kama samaki mukeke wa asubuhi."

Nikamweleza yote. Akaanza kucheka, halafu akaacha alipoona machozi yangu.

"Mama Félicité, masikio yanasikia neno moja, lakini ni mawili. Fre ya samaki ni mbichi. Fre ya biashara ni malipo. Ni pesa inayopandishwa juu ya bei."

"Yesu! Kumbe tumekubali malipo!"

"Mulitia sahihi popote?"

"Hapana."

"Na kitansi cha avansi?"

"Hapana."

"Hapo mulikosa sana. Akikana, mutamshika na nini? Haya, twende mbio."

Njiani alinifundisha huku akihema. "Mbele ya kutoa avansi, uliza hivi: mpaka nitoke na gari hii, yote kwa jumla ni ngapi? Akisema fre, usiseme ndiyo. Muulize kila moja ni ya nini. Nani anaipokea? Kitansi iko wapi? Fre ya serikali utailipa weye mwenyewe kwenye dirisha letu. Zile zingine ni za mfuko wake. Hizo unaweza kuzikataa."

"Na huyo mtu wa Lubarika?"

"Weye umemwona?"

"Hapana."

"Minye vilevile. Muuzaji akikuharakisha, ndipo ukae chini uulize zaidi."

Tulipofika, jua lilikuwa karibu kusimama utosini. Watu walikuwa wamekusanyika. Bunduki zikalia tena, safari hii karibu zaidi. Gratien alikuwa amesimama na pesa zimetoka nusu mfukoni.

"Bwana Bonaventure," Sabine akasalimu kwa adabu, "fre ya karatasi inakwenda kwa nani?"

"Kwa serikali, mademoiselle."

"Vizuri. Serikali ni dirisha letu. Watalipa wenyewe, wapewe kitansi. Ya kuosha je?"

"Si unaona inavyong'aa?"

"Nani alikutuma kuiosha?"

Bonaventure akainama kupangusa kiatu.

"Na ya kulala?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Naye alale njaa!"

"Haya, hizo naziacha," Bonaventure akasema. "Lakini duane siachi. Nimelipa na mkono wangu."

"Kitansi?"

"Kimepotea katika vurugu hizi."

Hapo Sabine akasita. Vitu vingi vilipotea kweli siku zile. Bonaventure akaona amesita, akatazama jua. "Saa sita imefika. Mulipe duane, ao muende."

"Mama Félicité, wacha nilipe, hata kwa ndagala," Gratien akaninong'oneza. "Bila gari tumekwisha."

"Utalipa," nikasema kwa sauti, "lakini kwanza nione mgongo wa gari. Mimi gari nalijua kwa nyuma."

Tukalisukuma nje ya banda. Mikono yangu ikashika chuma cha nyuma, nacho kilikuwa kimepinda katikati kama tandiko la punda. Vidole vyangu vikaingia pale kana kwamba vimerudi nyumbani. Nikakwaruza rangi ya buluu kwa ukucha. Chini yake palikuwa peupe.

"Bonaventure, gari hii ilivuka mpaka juma lililopita?"

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya hapo haikuwahi kufika Kongo?"

"Hata siku moja! Mungu iko anaona."

"Basi mwaka jana, wakati wa Pasaka, mimi nilisukuma nini kule Katogota? Ilikuwa nyeupe, ya muuza mikate. Chuma hiki tulikipinda sisi wanawake kwa gogo. Dereva alishuka. Mikate ilishuka. Mtu mmoja tu alikataa kushuka. Alikaa mbele ameinua miguu, anasema matope yetu yataharibu viatu vyake."

Watu wote wakatazama chini. Bonaventure naye akavitazama viatu vyake vyeupe, kama vile ndivyo vilivyomsema.

Akanyoosha mkono wenye funguo.

"Bado," Sabine akasema. "Andika kwanza kitansi cha avansi na cha hizi zilizobaki. Kisha twende dirishani sote, karatasi zibadilishwe jina."

Tukaenda. Tulilipa ya serikali tu, wakapiga muhuri. Pesa iliyobaki ikanunua mafuta. Mtu wa Lubarika hakufika, na nadhani mpaka leo yuko njiani.

Tulipakia magunia upesi. Félicité akakaa juu ya magunia, Gratien akashika usukani, nami nikakaa mbele kwa mara ya kwanza. Kofia hazitundikwi pale. Kwenye kizuizi, gari lililotutangulia halikuwa na karatasi. Mwenyewe aliachwa kando ya barabara na sanduku lake kichwani. Askari akaja kwetu. Akageuza karatasi zetu juu, akazigeuza chini. Gratien hakupumua. Mimi nilipumua kwa niaba yake. Askari akatazama muhuri kwa muda mrefu.

"Piteni."

Kamanyola walitupokea kama harusi. Hawakuwa wameona ndagala kwa majuma mengi. Mama mmoja akachota kiganja, akanusa.

"Baba, ndagala hizi ziko fre?"

Gratien akaruka kama ameumwa na siafu. "Fre ya samaki, ao fre ya biashara?"

"Ya samaki!"

Akashusha pumzi, akatabasamu. "Ah, hiyo! Fre kabisa, mama. Nilizivua minye mwenyewe, juzi."

Nikatoa kichwa dirishani.

"Na mutumbwi gani, baba Félicité?"