Saa Moja na Nusu Angani

Mshonaji alikuwa sebuleni akishona sare za shule. Chumba cha pili alilala baba yake. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Kila baada ya saa nne alimpa dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Ikichelewa, mzee aliuma shuka asije akawashtua majirani.

Hospitali yenye tiba ya mionzi ilikuwa mkoa wa mbali. Kaka yake mshonaji akatafuta kwenye simu, kisha akakata tiketi.

"Kutoka uwanja wetu hadi wa kule ni kilomita mia nane," alisema. "Ndege inachukua saa moja na nusu."

"Basi dawa ya alfajiri itamtosha," mshonaji akajibu. Chupa akaitia kwenye begi kubwa.

"Huko juu wasije wakanidhania malaika," mzee akatania.

Uwanjani, begi lilipokelewa likapakiwa kwenye tumbo la ndege. Ndege ikaruka, lakini haikwenda kule. Iliwashusha katika jiji kubwa, wangoje ndege nyingine. Hiyo nyingine ikachelewa.

Mchana mzee akaanza kutetemeka.

"Mwanangu, dawa."

"Iko kwenye begi, baba."

"Na begi?"

Mshonaji, binti yake, aliinuka. Alikimbia huku na huko, akaambiwa begi watalikuta mwisho wa safari. Mzee alijikunja kwenye benchi la chuma, machozi yakimtoka, watu wakigeuza nyuso. Binti hakuwahi kumwona baba yake akilia. Walifika hospitali giza limeshaingia.

Baada ya wiki kadhaa daktari aliwaambia ukweli: mionzi haikusaidia.

"Nirudishe nyumbani," mzee alisema. "Lakini si kwa safari kama ile."

Binti akaenda kwa wakala wa tiketi, mama mmoja mwenye ofisi ndogo mbele ya hospitali. Akamweleza yote.

"Pole sana, dada," wakala alisema. "Mliangalia umbali wa mstari ulionyooka, na muda wa kuwa angani tu. Hakuna ndege inayokwenda huko moja kwa moja."

"Tiketi iliandikwa kituo kimoja. Tukadhani ni kama basi, wengine wanashuka, sisi tunaendelea."

"Wengi hudhani hivyo. Hesabu mlango hadi mlango. Kuna barabara ya kwenda uwanjani, kuna kuwahi kabla ya ndege, kungoja katikati, kungoja mizigo, na barabara ya kufika nyumbani. Halafu weka muda wa kuchelewa. Kwa mgonjwa, hiyo ni siku nzima."

"Na dawa?"

"Ibebe mkononi, na lebo yake na cheti cha daktari, ili wakaguzi waipitishe. Kiti cha magurudumu nitakuombea sasa hivi."

Muuguzi akawapa dozi za siku nzima, na nyingine za akiba.

Ndege ya pili ilichelewa tena. Binti akafungua mkoba wake. Mzee akanywa dawa palepale, akasinzia begani kwake.

Kaka aliwapokea mlangoni usiku.

"Safari ilikuwaje, baba?"

"Ndefu," mzee alisema. "Lakini nimelala."

Hakuumaliza mwezi ule. Alifia kitandani kwake, wanawe wote wawili wakiwa wamemshika mikono.