Waliomjaribu Sponji

Jamani, nina jambo la kuwaambia, na msinikatize mpaka nimalize, maana leo nikikatizwa nitasahau adabu.

Palikuwa na nyumba moja iliyotulia. Asubuhi Mama Pacha alikuwa barazani akipiga pasi nguo za watu, ndiyo kazi yake. Mumewe, fundi makochi tuliyemwita Sponji, alichuchumaa uani, kwenye karakana ya kaka yake, akivuta kitambaa kwenye kiti na kukigongea misumari. Pacha wao walikaa ndani ya fremu tupu ya kochi wakijifanya wanaendesha basi. Mama Pacha alikuwa haamini macho yake. Mwaka uliopita mtu huyu huyu alikuwa teja wa unga. Aliuza mpaka cherehani yake, akalala kwenye vibaraza vya watu, na wanawe wakawa wanamkimbia.

Kilichomtoa huko ni sindano. Kila mwezi alikwenda zahanati kuchomwa dawa inayouzuia unga, hata mtu akiutumia asilewe. Siku ya kwanza nesi aliwaita mke na kaka mtu, akawaeleza kinagaubaga. Dawa hii si ruhusa ya kuchezea unga, na anayeongeza na kuongeza ili aishinde anajiua. Tena mgonjwa akipitisha siku yake, kinga inapungua wakati mwili umeshausahau unga, na kiasi alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua. Mama Pacha aliyarudia maneno hayo njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani. Kaka mtu alikuwa anachezea simu.

Kaka huyo mtaa mzima ulimwita Kipaza, kwa kuwa hana siri. Tuseme ukweli, hakuwa na roho mbaya. Ndugu wengine walipomfungia Sponji mlango, yeye alimpa kazi na akampa vyumba vya kukaa na wanawe. Lakini kupenda sifa, ndugu zangu, kule ni kama ugonjwa. Mteja akija kuagiza kochi, lazima aonyeshwe Sponji kwanza, aambiwe huyu amechanjwa, hata ukimmwagia gunia la unga haumwingii. Watu wakicheka, Sponji aliinamisha kichwa na kuendelea na misumari yake.

"Shemeji, ile si chanjo," Mama Pacha alimwambia siku moja, "na mume wangu si maonyesho."

Kipaza alimcheka, akasema shemeji yake mwoga hata wa moshi wa pasi yake mwenyewe.

Ikaja kazi kubwa ya viti vya hoteli, na siku ya sindano ikaangukia katikati ya kazi hiyo. Mama Pacha alipokumbusha, Kipaza alisema sindano itangoja, mteja hangoji. Wiki ikapita, na nyingine ikafuata. Sponji naye alisema anajisikia mzima, halafu angemkatalia vipi kaka aliyemwokota? Mama Pacha akaenda karakana ili amtoe kwa mkono. Kipaza alimwambia asimwaibishe mumewe mbele ya mafundi, naye akarudi barazani kwenye pasi yake.

Yaliyotokea siku ya kukabidhi viti, Mama Pacha alisimuliwa baadaye na mpiga vanishi, fundi mwenzake Sponji, aliyekuwapo. Mchana walipita vijana wawili ambao zamani Sponji alivuta nao unga. Mtu mwenye akili angewafukuza. Kipaza aliwaita ndani, akaanza ngonjera yake ya chanjo. Mmoja wa vijana akatoa kete ya unga, akasema basi tuone. Sponji alikataa. Wakamwita mwongo, wakasema sindano yenyewe ni maji ya bomba. Kaka yake, mtoto wa mama mmoja, akamwambia, "Usinitie aibu. Waonyeshe."

Sponji akatumia kiasi kile kile cha zamani. Haukupita muda akaegemeza kichwa kwenye kiti kipya, akaanza kukoroma, nao wakacheka wakidhani anaigiza. Mkoromo ulipokatika wale vijana walishatokomea. Mama Pacha alisikia kelele, akaacha pasi juu ya shati la mtu na kukimbia. Midomo ya mumewe ilikuwa imepiga weusi. Walimkimbiza zahanati kwa gari lililokuja kuchukua viti, na nesi akampa dawa ya kumzindua, akamsukuma kifua mpaka jasho likamtoka. Walikuwa wamechelewa.

Sasa sikilizeni hili, ndilo linalonichemsha damu. Msibani Kipaza alilia, na alilia kweli. Lakini kila aliyeingia kumpa pole alimwambia kwamba sindano ya zahanati ndiyo iliyomuua mdogo wake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mpiga vanishi, ambaye naye huchomwa sindano hiyo hiyo, akanong'ona kwamba basi yeye harudi tena kule.

Mama Pacha alimsikia. Akainuka katikati ya watu.

"Shemeji, sindano haikumuua mume wangu, kwa sababu hakuchomwa. Ulimzuia wewe. Na waliposema tuone, wewe ndiye uliyemwambia awaonyeshe." Akamgeukia mpiga vanishi. "Na wewe, kesho nakupitia twende zahanati. Mkeo sitaki aje kukaa nilipokaa mimi."

Kipaza alimwuliza kama anajua yuko chini ya paa la nani.

"Najua," alisema. "Nguo za watoto nimeshazikunja."

Kesho yake alihamia chumba cha kupanga. Kabla hajafungua hata furushi moja, alimpitia mpiga vanishi, wakaenda.

FUNZO

Aliye kwenye sindano hii asipitishe siku yake, hata akijisikia mzima kama chuma. Akichelewa, arudi kwa nesi, wala asiuguse unga kujipima. Mtu akikoroma hivyo na haamki, mkimbizeni hospitali bila kujali nani ataona aibu.

Na ninyi wenye ndugu aliyeacha, furahini naye nyumbani kwenu. Kupona kwake si tangazo la duka lenu. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, ila safari hii mdomo ulikuwa wa Kipaza na kichwa kilikuwa cha Sponji. Pacha wanauliza baba anarudi lini. Nendeni mkawajibu, ninyi mliocheka.